Mzigo Unavuta Wapi? Maneno kwa Wanaoanza Kujishonea Vifaa vya Safari

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliokuja bila kuburutwa na rafiki.

Kabla sijasema lolote, naomba kifuko hiki kipite mkono kwa mkono kuanzia mbele mpaka nyuma. Kishikeni, kigeuzeni ndani nje, kivuteni kamba. Ruhusa kucheka. Ndicho kitu cha kwanza nilichojishonea kwa ajili ya safari za kulala porini: kifuko cha nguo chenye kamba mdomoni, mfano wa vile vinavyokuja pamoja na hema. Upande mmoja umezidi mwenzake kwa sentimita mbili hivi. Mshono wa kitako unakwenda kama mlevi anayerudi kwake. Na pale kamba inapotokea, mtaona nimepita na cherehani mara nne juu ya mstari uleule, kwa sababu nilidhani wingi wa uzi ndio nguvu. Kosa hilo la mara nne nitalirudia baadaye, maana lilikuja kunitoa usingizini.

Lakini kifuko kinafunga, na tangu siku ile sijatoka safari bila kuwa nacho.

Nimekileta kwa sababu pale mlangoni watu wasiopungua sita wameniambia maneno yaleyale: "Mimi nimekuja kusikiliza tu, sijui kushona." Sasa aliyeshona hicho kifuko, alijua?

Nianze na jambo ambalo lingeniokolea kitambaa kingi kama ningeambiwa mapema. Kushona vifaa vya safari ni kazi nyingine kabisa na kushona nguo. Fundi wa nguo anautazama mwili: bega linakaaje, kiuno kinaingia wapi, kitambaa kinaangukaje. Akikosea sentimita moja kwapani, gauni zima limekwenda. Sisi hatuna kwapa. Turubai ni mstatili. Kifuko ni mstatili uliokunjwa. Hata begi la mgongoni, ukilifumua ukalitandaza sakafuni, ni mistatili michache na mikanda. Kwa hiyo mtu aliyewahi kujaribu shati likamshinda asijiandike kuwa hajui kushona. Alianzia penye mlima.

Ila nguo haibebi kitu zaidi ya simu mfukoni, na vifaa vyetu vinabeba. Kwa hiyo badala ya mwili sisi tunatazama mambo mawili, na mkisahau mengine yote niliyosema leo, naomba haya yabaki: mzigo unavuta wapi, na maji yanapita wapi. Kila nitakalowaambia, kuanzia sindano mpaka pindo, ni jibu la mojawapo ya maswali hayo.

Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa Marekani mwenye umri wa miaka 67, aliitembea peke yake njia ya Appalachian Trail mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 3,200 za milima na misitu. Mzigo wake aliubeba begani ndani ya mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe. Hema hakuwa nalo wala fuko la kulalia. Mvua aliikinga kwa pazia la plastiki la bafuni. Watu humtaja kwa umri wake, na kwa watoto kumi na mmoja aliowalea, na ni haki yake. Mimi humtaja kwa ule mfuko. Ulikuwa mfuko wa kufunga kwa kamba, basi. Kila mara mtu anaponiambia hawezi kuanza mpaka apate zipu ya aina fulani na klipu za rangi fulani, namkumbuka yule mama na jinzi yake.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1966, huko Colorado ikaanzishwa kampuni iitwayo Frostline, iliyouza makoti ya baridi, mahema na mafuko ya kulalia yakiwa bado vipande. Kitambaa kimekwisha kukatwa, zipu imo, uzi umo, na manyoya laini ya bata yamegawanywa katika vipakiti. Mnunuzi anamalizia mwenyewe nyumbani kwa cherehani ya familia. Nawatajia hili msije mkadhani tumebuni kitu kipya hapa.

Haya, kitambaa. Mwenye leso au skafu hebu aitoe. Ishike ncha mbili za upande mmoja, uivute sambamba na pindo. Imegoma, siyo? Sasa ishike pembe na pembe, uivute mshazari. Imenyumbulika kama lastiki. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, ndizo mtande, na zinazozikatiza, ndizo mshindio. Ukivuta kwa mtande au mshindio unauvuta uzi wenyewe. Ukivuta mshazari unavuta nafasi zilizo kati ya nyuzi, na nafasi haina nguvu. Tayari hapo mna jibu la kwanza la swali la mzigo: nyuzi zielekee kunakovutwa. Mimi niliwahi kukata mikanda ya begi kwa mshazari ili kubana matumizi ya kitambaa. Asubuhi begi lilikaa mabegani. Saa nane mchana lilikuwa linanipiga makalioni.

Vitambaa vya kazi hii karibu vyote ni nailoni au poliesta, na unene wa uzi wake hutajwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi huo ukiwa na urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 70, basi, ni ule ambao kilomita tisa zake zina gramu 70. Turubai jepesi huwa na denia 20 au 30, kifuko 40 hadi 70, begi la mgongoni 210 na kuendelea, na kitako cha begi litakaloburutwa juu ya mawe 500 au hata 1,000. Mkikiona kitambaa kina miraba midogo midogo, hiyo ni ripstopu: kila baada ya milimita chache umewekwa uzi mnene kuliko wenzake ili mpasuko ukianza ugote hapo. Ni ufumaji uliopata umaarufu kwenye parachuti za Vita vya Pili vya Dunia, na mtu aliyening'inia chini ya kitambaa kilichotobolewa ana sababu zote za kuupenda.

Nailoni au poliesta? Nailoni hunyumbuka na kuvumilia zaidi, lakini inakunywa maji. Turubai la nailoni utalikaza jioni likaze kama ngoma, kisha mvua inyeshe, na usiku wa manane utaamka limekushukia puani. Poliesta hainywi maji kiasi hicho, na jua pia inalistahimili vizuri zaidi. Kwa anayeanza mimi nasema poliesta, na wajuzi wenzangu waliokaa pale nyuma wakitaka kubisha tubishane nje.

Kuna jambo la tatu linalowapita wengi, nalo ni kitambaa kimepakwa nini. Kilichopakwa silikoni huteleza mkononi kama sabuni, na utepe wa kawaida wa kuzibia mishono hauwezi kukishika; mishono yake huzibwa kwa silikoni hiyohiyo. Kilichopakwa poliyurethani hupokea utepe vizuri, ila miaka ikipita, hasa kikikunjwa na unyevu wake, hutoka magamba na kunuka. Usipojua ulichonacho, bandika kipande cha selotepu. Ikikataa kushika, hiyo ni silikoni.

Lakini msikimbilie kununua. Kitambaa cha kwanza huenda kimelala nyuma ya mlango: mwavuli uliovunjika mbavu. Kifumue kwenye mbavu zake, kata ncha zilizochakaa, na una kitambaa chepesi, kinachozuia maji, kinachoteleza kiasi cha kukufundisha adabu, na hakuna atakayekulilia ukikiharibu. Pembetatu zake mkizipanga kichwa kwa miguu zinatoa kifuko cha kutosha soksi na kofia. Nimeharibu miavuli mitano namna hiyo na sijutii hata mmoja.

Dada aliyeketi hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza kama anahitaji cherehani ya kiwandani. Hapana, dada yangu. Cherehani yoyote ya nyumbani yenye mshono wa kunyooka na zigzaga inatosha. Ile ya zamani ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, kama ipo mahali inakusanya vumbi, ni bora kuliko nyingi za plastiki zenye mishono mia ya maua. Kanuni ni ileile tangu Mmarekani Elias Howe alipopata hataza ya cherehani yake mwaka 1846: tundu la sindano liko nchani, uzi wa juu unashuka nalo, chini unanaswa na uzi wa pili, na nyuzi hizo mbili zinashikana katikati ya kitambaa. Shikeni hilo neno, katikati.

Kwa sababu hiki ndicho kitakachowapata. Utakaa, utaweka kitambaa, utakanyaga. Sentimita tano za kwanza safi. Kisha cherehani inaguna, inakwama. Unainua kitambaa: juu mshono mzuri tu, chini kiota cha ndege. Uzi umejisokota umekuwa donge, na donge limeshika meno ya cherehani. Kwa kuwa fujo iko chini, utailaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Utaitoa, utaijaza upya, utakaza kile kiskurubu kidogo cha kwenye kikopo chake, na kiota kitarudi kilevile. Mimi nilimaliza jioni tatu hapo, na jioni ya pili nilimtukana mtu asiyehusika.

Kosa liko juu. Nyuzi zikishikana chini ya kitambaa badala ya katikati, maana yake uzi wa juu haukuwa na wa kuukaza, ukashuka mwingi. Na haukukazwa kwa sababu uliutunga wakati mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa, ukiwa umeteremshwa. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya kukazia uzi vinakuwa vimebanana, uzi unapita juu yake badala ya kuingia kati. Basi inua mguu, tunga uzi upya kuanzia mwanzo, teremsha mguu, halafu uvute uzi kwa mkono. Ukija kwa ubishi, umeingia. Ukija kama unavuta unywele kwenye siagi, rudia. Jioni tatu, ndugu zangu, na dawa yake ni kuinua kijiti kimoja.

Sindano nitazipitia haraka. Namba 70 au 80 kwa kitambaa chembamba cha turubai, 90 kwa vifuko, 100 au 110 kwa begi na mikanda. Weka mpya kila unapoanza kazi mpya. Ni kitu kidogo kuliko vyote mezani na ndicho watu hukionea ubahili. Sindano butu utaisikia kwa sikio kabla ya kuiona kwa jicho: inagonga, to, to, to, kama mtu anayebisha hodi, wakati kali hupita kimya. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba huoza ukikaa na unyevu, kwa hiyo vile vigurudumu vya uzi vya zamani vilivyomo kwenye kopo la bibi viacheni koponi. Pini wekeni mbali na kitambaa kilichopakwa, maana tundu la pini halizibi. Tumieni vibanio vya nguo. Na ukingo wa nailoni au poliesta unaochambuka, pitisheni karibu na mwali wa mshumaa, karibu tu, dirisha likiwa wazi, uyeyuke na kujifunga.

Sasa kifuko chenyewe. Kata kipande cha upana wa sentimita 54 na urefu wa 45. Kikunje katikati ya upana, upande mzuri wa kitambaa ukitazamana ndani, shona ubavu ukiacha sentimita 1 ya nafasi ya mshono, lakini ishia sentimita 6 kabla ya mdomo. Shona kitako. Ukikigeuza sasa kitakuwa bapa kama bahasha, na bahasha haisimami. Kwa hiyo, kabla ya kukigeuza, shika pembe moja ya chini, ifungue mpaka mshono wa kitako ulale katikati ya ncha, ufanye pembetatu. Pima pale ambapo pembetatu ina upana wa sentimita 12, piga chaki, shona kukatiza. Pembe ya pili vilevile. Kigeuze: kina kitako cha 14 kwa 12, na kinakaa mezani chenyewe. Mara ya kwanza kukiona kinasimama nilikizunguka kama mtu anayetazama gari jipya.

Mdomoni, zile kingo za sentimita 6 zilizobaki wazi zikunje ndani uzishone, kisha kunja mdomo sentimita 1, ukunje tena 3, shona, na hapo una njia ya kamba. Mnaoshona vizuri mtanisamehe, najua kuna njia nadhifu zaidi. Lakini tazameni kitu kimoja. Kamba ikivutwa, nguvu yote inakwenda kwenye nukta moja: pale ubavu ulipoishia na uwazi ulipoanzia. Hapo ndipo kifuko kitachanika kama kitachanika. Weka zigzaga fupi nyembamba, nusu sentimita tu, ikikatiza nukta hiyo. Pengine popote usihangaike. Hilo ndilo swali la mzigo likifanya kazi: nguvu za mshono unazipeleka panapovutwa, na kwingine unashona mara moja unaendelea na maisha.

Sasa nirudi kwenye usingizi. Turubai yangu ya kwanza niliishona kwa mapenzi makubwa. Kila pembe niliweka kitanzi cha utepe cha kufungia kamba, na kila kitanzi nikakishona mara nne kwa mshono mfupi wa milimita moja na nusu, kwa kuwa nilitaka kiwe imara. Nilijisifu. Usiku ule upepo ulianza saa saba. Nikasikia mlio, mfupi, kama mtu anachana karatasi, na upande wote wa kichwani ukaondoka. Nikakaa mvuani nimeshika turubai kwa mikono miwili hadi kukapambazuka. Asubuhi nikakikuta kitanzi bado kimefungwa kwenye kigingi, kimekaza vizuri kabisa, na nyuma yake kipande cha kitambaa kilichokatika kwa mstari ulionyooka wenye meno madogo madogo, kama stempu iliyong'olewa kwenye karatasi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Uzi haukukatika. Kitambaa kilikatika kwenye matundu ya sindano niliyoyatoboa mwenyewe. Hesabuni nami: kwenye sentimita 10 za mshono wa milimita 1.5 mna matundu kama 67. Mara nne, zaidi ya 260, yote yamejipanga kwenye mstari mmoja, kwenye kitambaa chembamba kuliko karatasi ya daftari. Mshono wa milimita 3 mara moja ungekuwa na matundu 33 hivi. Nilikuwa sishoni, nilikuwa nakata kwa sindano.

Tangu siku hiyo pembe nazishona hivi. Kwanza kiraka, cha kitambaa kinene kuliko turubai, kikubwa kama kiganja, na ukingo wake wa ndani nimeukata kwa mviringo, maana kiraka chenye kona hukusanya nguvu zote kwenye kona yake. Mshono wa milimita 3 kuzunguka kiraka. Kitanzi nakishona kwenye kiraka pamoja na turubai, kwa umbo la sanduku dogo lenye msalaba ndani, lile mnaloliona kwenye mikanda ya mabegi. Mzigo unatoka kwenye kamba, unaingia kitanzi, unatawanyika kwenye sanduku, unatawanyika tena kwenye kiraka, na unapofika kwenye kitambaa chembamba umekwisha kuwa mdogo mdogo mwingi. Kitambaa chenyewe hakijaongezeka nguvu hata kidogo.

Na kwa kuwa nimewashika kwenye turubai, niwaonyeshe kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Turubai lenye kingo zilizonyooka hupiga kelele upepo ukija, kwa sababu katikati ya ukingo hakuna kinachouvuta. Ukingo ukikatwa kwa upinde kidogo kuingia ndani, unakaza wote. Upinde gani? Tazameni. Huu ni mkufu wa kawaida. Naushika ncha mbili, nauacha uning'inie ukutani mbele ya karatasi. Umbo hilo ndilo. Kila kipete cha mkufu kinavutwa na jirani zake tu, hakuna kinachopindishwa, na ndivyo tunavyotaka kitambaa kivutwe. Mwaka 1691 wanahisabati Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli, kila mmoja kwa njia yake, walitoa hesabu ya umbo hili. Nyinyi hamhitaji hesabu. Tundikeni mnyororo mwembamba ukutani, ncha zake zikiwa mbali sawa na urefu wa ukingo wenu, uachieni ushuke sentimita 10 hivi kwa ukingo wa mita 3, fuatisheni kwa penseli. Ukuta umewakatia kiolezo.

Maji nayo. Maji hushuka, na hupenda kupumzika. Basi msiweke mshono mahali yanapopumzika, kama kitako cha begi, na mkunjo wa mshono uelekee chini kama kigae juu ya kigae. Aliyevaa jinzi atazame mshono wenye mistari miwili mguuni mwake: kingo mbili zimekumbatiana, moja ndani ya nyingine, hakuna ukingo mbichi unaoonekana upande wowote. Huo ndio mshono wa mgongo wa turubai. Mtaupata kwa mara ya tatu au ya nne. Mara ya kwanza utashona kitambaa pamoja na mkono wa shati lako. Ukishamaliza, paka juu yake silikoni ya kuzibia iliyozimuliwa kwa kiyeyusho cha rangi, kwa brashi ndogo, iache usiku kucha. Kwa kitambaa cha poliyurethani tumia utepe na pasi ya moto mdogo.

Zipu ziacheni kwa sasa. Tutakutana siku nyingine tulie pamoja.

Lakini kuna vitu nisivyowashauri kushona siku nyingine yoyote. Mikanda ya kukwea miamba, na chochote ambacho kikikatika mtu anaanguka kutoka juu: nunueni kilichopimwa. Sijali umekuwa fundi kiasi gani. Kitanda cha kuning'inia kati ya miti mnaweza kushona, kwa masharti. Kamba zake zikishuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba inavutwa kwa nguvu sawa na uzito wako wote. Wengi hudhani ni nusu. Mkikaza mpaka pembe ikawa nyuzi 10, kwa sababu mnapenda kulala mmenyooka, mtu wa kilo 80 anavuta kila upande kama kilo 230. Kamba inayoonekana tulivu ndiyo inayoteseka. Kwa hiyo acheni kilegee, na mara ya kwanza lalieni kikiwa urefu wa goti, chini pakiwa na majani, siyo mawe.

Mtu ameandika swali kwenye karatasi: je, inaokoa pesa? Mwaka wa kwanza, hapana. Utanunua kitambaa mara mbili kwa kila kitu, mara ya kwanza kukiharibu na mara ya pili kukishona. Ukitaka tu turubai, nenda kanunue turubai. Anayebaki kwenye kazi hii ni yule ambaye siku moja, katikati ya safari, kamba ya begi la mwenzake imekatika, akalishika, akaona mara moja mzigo ulikuwa unavuta wapi, akatoa sindano. Mimi hiyo ndiyo siku niliyoacha kuhesabu gharama.

Na kama hamjui pa kuanzia baada ya kifuko, tafuteni begi bovu. La zipu iliyokufa, la kitambaa kilichooza, lolote. Kaeni nalo na kifumulio jioni nzima mlifumue mshono kwa mshono, kwa kurudi nyuma: kilichoshonwa mwisho ndicho kitakachotoka kwanza. Andikeni namba kwenye kila kipande kabla hakijachanganyika na vingine. Mtaona ni wapi fundi wa kiwandani aliweka mishono mitatu na wapi aliona moja inatosha. Mtaona alivyoficha kingo ndani ya utepe. Pigeni pasi vipande, vilazeni juu ya karatasi, chora, ongezeni nafasi ya mshono pale ilipokatwa. Sijapata mwalimu mpole kuliko begi lililokufa. Linakuruhusu kuuliza swali lilelile mara kumi.

Nimesema vya kutosha, na mikono yenu naona imeanza kuwasha. Kwenye meza za pembeni kuna miavuli minane mibovu, chaki, mikasi na vibanio. Mikasi yenye kitambaa chekundu mpinoni ni ya vitambaa tu. Nitakayemkuta anakatia karatasi tutagombana. Cherehani ziko nne. Ile ya karibu na dirisha tangu asubuhi inagonga, to, to, to, na sasa mnajua kwa nini, kwa hiyo atakayeiwahi aanze kwa kubadilisha sindano. Inueni mguu kabla ya kutunga uzi. Na aliye nacho kifuko changu, nakuona kaka umeshika ule mshono wa mara nne unaupima kwa kucha; usiufumue, tafadhali, kesho alfajiri nasafiri nacho.